Mumbai ni saa sita kwa ndege, lakini mgonjwa wa Handeni husafiri siku nzima

"Dokta, kutoka Dar mpaka Mumbai ndege inachukua saa ngapi?"

Wazazi na wagonjwa wa Handeni na Korogwe wameniuliza swali hili mara nyingi. Wanaliuliza wakiwa tayari wameshika barua ya rufaa, au wamechangiwa na ndugu, au wapo njiani kuuza ng'ombe. Jibu fupi ni rahisi. Kutoka Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, mpaka uwanja wa Mumbai ni kama kilomita 4,700 kwa mstari ulionyooka. Ndege kubwa ya abiria huenda kilomita 850 hadi 900 kwa saa. Ukiongeza muda wa kupaa na kutua, ndege isiyopitia popote inatumia takriban saa 6.

Mzazi akisikia hivyo hupumua. Saa sita? Mbona ni kama basi la Korogwe kwenda Dar tu!

Ni kweli, ni kama basi la Korogwe kwenda Dar. Kilomita 4,700 za angani na kilomita kama 300 za barabara zinakula muda unaokaribiana. Lakini mgonjwa wetu hasafiri kwa kimoja kati ya hivyo viwili. Anasafiri kwa vyote, kimoja nyuma ya kingine, na mwili wake haujui kwamba sasa tumeshuka kwenye basi na tumepanda ndege. Mwili unahesabu saa za kukaa, saa za kiu na saa za kutolala. Hizo ndizo saa ninazotaka mzazi azijue kabla ya kulipia tiketi.

Tuhesabu pamoja. Familia inaondoka Handeni alfajiri. Wengine watashukia Mkata, kilomita 54, wakadandie basi la barabara kuu. Wengine watazunguka Korogwe, kilomita 65. Mpaka kituo cha Magufuli, Mbezi, weka saa 6, na siku ya foleni zaidi. Kutoka Mbezi mpaka uwanja wa ndege, na mizigo, na mtoto, weka saa 2. Uwanjani unatakiwa kufika saa 3 kabla ya ndege kuruka. Ndege yenyewe saa 6. Ukitua kuna foleni ya uhamiaji, kusubiri mabegi na teksi ya kwenda hospitali: saa 2 nyingine. Jumla ni saa 19, na hapo hatujaweka pumziko wala kuharibikiwa njiani.

Hiyo ni kwa ndege ya moja kwa moja. Air Tanzania walianza safari ya Dar–Mumbai bila kupitia kwingine mwaka 2019, lakini siku za safari hubadilika, na tiketi ya bei nafuu unayoletewa na wakala mara nyingi inapitia Addis Ababa, Doha au Dubai. Mfano wa Dubai: Dar mpaka Dubai ni kama kilomita 4,000, Dubai mpaka Mumbai karibu 1,900. Kilomita 5,900 badala ya 4,700. Kilomita hizo za ziada peke yake si tatizo kubwa. Tatizo ni kusubiri katikati, pengine saa 3, pengine saa 10, kwenye viti vya chuma, chini ya kiyoyozi. Kwa mfanyabiashara anayekwenda kufuata vitenge, hiyo ni kero tu. Kwa mtoto mwenye ugonjwa wa moyo, tofauti ya bei ya tiketi hizo mbili ni sehemu ya matibabu, na mimi huwaambia wazazi waipiganie.

Niseme jambo moja pembeni. Kabla ya kuuza chochote, muulize daktari aliyekupa rufaa kama tiba hiyo haipatikani nchini. Upasuaji wa moyo wa watoto unafanyika katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale pale Muhimbili. MOI wanapasua mifupa, ubongo na uti wa mgongo. KCMC iko Moshi, na Korogwe iko karibu katikati ya barabara ya kutoka Dar kwenda Moshi, kwa hiyo mtu wa Korogwe ana hospitali kubwa pande zote mbili. Nimewaona watu wanaoijua Chennai kwa jina lakini hawajawahi kuuliza KCMC.

Kuisoma tiketi

Wengi hukosea hapa, wakiwemo wasomi. Saa zilizoandikwa kwenye tiketi ni saa za mji husika: ya kuondoka ni ya Dar, ya kufika ni ya Mumbai. India imetutangulia kwa saa 2 na nusu. Kwa hiyo tiketi ikisema unaondoka 17:00, yaani saa 11 jioni, na unafika 01:30, yaani saa 7 na nusu usiku, usiseme ni safari ya saa 8 na nusu. Toa saa 2 na nusu, unabaki na 6. Wakati wa kurudi mambo yanageuka. Tiketi itaonyesha umeondoka 04:00 na umefika 07:30, kama vile umesafiri saa 3 na nusu. Ongeza mbili na nusu, ni zile zile 6.

Tarehe nayo ina mtego wake. Tiketi ikiandika tarehe 12, saa 03:40, hiyo ni saa 9 na dakika 40 usiku wa kuamkia tarehe 12. Unatakiwa uwe uwanjani usiku wa tarehe 11, na kutoka Handeni asubuhi ya tarehe 11 au, kwa mgonjwa, tarehe 10. Mtu akisoma kwa mazoea yetu anaweza kufika uwanjani jioni ya tarehe 12 na kukuta ndege iliondoka usiku uliopita. Mpelekee tiketi kijana anayezifahamu saa 24, akuandikie pembeni kwa saa zetu.

Saa za dawa nazo zimo humu. Mtoto anayekunywa dawa ya kifafa saa 2 asubuhi na saa 2 usiku kwa saa za Korogwe, akifika India saa hizo zitakuwa saa 4 na nusu. Kwa siku za safari, usibadilishe chochote. Acha saa moja ya mkononi ikiendelea kusoma saa za nyumbani na mpe dawa kwa hiyo. Fanya hivyo pia kwa ARV na dawa za presha. Ukitulia huko, daktari wa huko atakusogezea taratibu. Anayechoma insulini azungumze na daktari wake mapema, kwa sababu kwake chakula na sindano vinakwenda pamoja, na chakula cha ndege hakiji kwa saa unayoitaka wewe.

Dawa zote ziwe kwenye begi la mkononi, pamoja na barua ya daktari. Insulini usiiweke kwenye buti la basi, kule kuna joto la kuichoma, wala kwenye mzigo wa chini wa ndege, ambako inaweza kuganda. Insulini iliyoganda ikayeyuka haifai tena hata kama inaonekana safi.

Miguu na maji

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti wake kuhusu wasafiri na damu kuganda. Yalionyesha kwamba kukaa safarini zaidi ya saa 4 huongeza karibu mara mbili uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya ndani ya miguu. Kwa mtu mzima mwenye afya hatari hiyo bado ni ndogo, karibu mtu mmoja kati ya 6,000. Ninachopenda watu wakisikie ni hiki: utafiti ule haukusema ndege tu. Basi, gari dogo na treni navyo vimo. Kinachogandisha damu ni kukaa bila kusogeza miguu.

Damu ya miguuni hurudi moyoni kwa msaada wa misuli ya ndama wa mguu, ambayo huikamua kila tunapotembea. Ukikaa magoti yamekunjwa, pampu hiyo inazimika. Donge likijitengeneza linaweza kukatika, likapanda mpaka kwenye mapafu na kuziba mshipa. Mtu anaweza kufa ghafla.

Sasa ongeza tabia yetu ya safarini. Abiria wengi wa mabasi yetu, hasa akina mama, hawanywi maji tangu jana usiku ili wasije kumwomba kondakta asimamishe basi wakachimbe dawa. Nawaelewa kabisa. Kwenye vichaka vya kandokando ya barabara hakuna staha, na mwenye jeraha la upasuaji hawezi kuchuchumaa. Lakini damu ya mwili uliokauka ni nzito, na mgonjwa anayefika Mbezi akiwa amekauka anapanda ndege akiwa hivyo hivyo. Ndani ya ndege hewa ni kavu kuliko hata kiangazi cha Handeni. Basi kunywa kidogo kidogo, tumia vyoo vya pale Korogwe mabasi yanaposimama watu wale, na ukishuka popote tembea hata dakika kumi.

Kwenye kiti, kunja na kunjua vifundo vya miguu, inua visigino, kila nusu saa. Kwenye ndege omba kiti cha kando ya njia ili usimame bila kumrukia jirani. Usiweke begi miguuni. Soksi maalumu za kubana miguu husaidia kwa wenye hatari kubwa: aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mjamzito au aliyejifungua karibuni, mwenye saratani, mnene sana, aliyewahi kuganda damu, anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni. Zipimwe mguuni na mtaalamu, maana soksi isiyo saizi inabana mahali pasipotakiwa. Baadhi ya hawa wanahitaji sindano ya kuzuia damu kuganda, na hiyo huandikwa na daktari. Kumeza aspirini kwa kuambiwa na jirani si kinga ya safari.

Hewa ya kule juu

Ndege huruka zaidi ya kilomita 10 juu ya ardhi, na ndani yake hewa husukumwa ili tuweze kupumua, lakini haifikii hewa ya chini. Inakuwa sawa na ya mlimani, kwenye mita 1,800 mpaka 2,400. Watu wa Korogwe wana kipimo chao cha kulielewa hili. Korogwe mjini ni kama mita 300 kutoka usawa wa bahari. Lushoto mjini ni kama mita 1,400. Kupanda ndege ni kama kupandishwa kutoka Korogwe mpaka juu zaidi ya Lushoto kwa dakika 20, kisha kukaa huko saa 6.

Mtu mwenye afya hahisi kitu, pengine usingizi tu. Mwenye mapafu mabovu, moyo dhaifu au upungufu mkubwa wa damu anaweza kuhisi. Mzazi akiniambia mtoto wake alibadilika rangi ya midomo walipopanda Lushoto kwenye msiba, hiyo kwangu ni habari muhimu sana, na lazima ifike kwa daktari kabla ya safari. Kipimo kingine ambacho madaktari hukitumia ni kumwona mgonjwa akitembea mita 50 kwenye uwanda bila kuhema sana. Akishindwa, huenda atahitaji oksijeni ndani ya ndege. Oksijeni hiyo haipatikani kwa kuomba mlangoni. Kuna fomu ya afya ya shirika la ndege, daktari anaijaza, nao wanaijibu siku kadhaa kabla. Kiti cha magurudumu nacho kiombwe wakati wa kukata tiketi. Usione haya kukiomba.

Wenye selimundu nawatenga makusudi, kwa sababu Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi zaidi wenye ugonjwa huu duniani, na mkoa wa Tanga nao tunao. Hewa pungufu, baridi ya kiyoyozi na ukavu ni vitu vitatu vinavyoamsha maumivu, na ndege inavyo vyote. Mtoto aliyetoka kwenye shambulio la maumivu asipande ndege mpaka zipite siku 10 au zaidi. Wingi wa damu upimwe wiki ya safari. Kwa mgonjwa yeyote, damu ikiwa chini ya 7.5, daktari aamue kwanza. Vaeni sweta na soksi hata kama Handeni mmeondoka kwenye jua kali, na dawa ya maumivu iwe mfukoni mwa mama, si kwenye begi la juu.

Kwa watoto wachanga jambo kubwa ni masikio. Maumivu huja zaidi ndege inapoanza kushuka, na inaanza kushuka karibu nusu saa kabla ya kutua, wakati mama amesinzia. Omba wahudumu wakuamshe, mnyonyeshe mtoto au mpe maji kwa kikombe kama ameshafikia umri wa kunywa. Kumeza ndiko kunakofungua masikio. Mtoto mwenye mafua makali au anayetoka usaha sikioni aonwe kwanza.

Wajawazito: mashirika mengi ya ndege yanadai barua ya daktari kuanzia wiki ya 28, na hayabebi mwenye mimba ya mtoto mmoja baada ya wiki 36, wala ya pacha baada ya wiki 32. Hesabu wiki za siku ya kurudi pia.

Kuhusu kadi ya homa ya manjano, uliza mapema na utaje kila nchi utakayopitia, hata kama hutoki nje ya uwanja. Cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya chanjo. Tena ni chanjo yenye virusi hai vilivyodhoofishwa, kwa hiyo mgonjwa wa saratani anayeendelea na dawa, au mtoto mchanga, hawezi kuchomwa hivi hivi.

Siku ya kurudi

Nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Wakati wa kwenda, familia nzima iko makini. Wakati wa kurudi, mgonjwa amepona, kila mtu anashangilia, fedha zimekwisha, na wote wana hamu ya kufika nyumbani. Wanatua Dar alfajiri, wanachukua teksi moja kwa moja mpaka Mbezi, wanapanda basi. Jioni wako Korogwe wamezungukwa na majirani. Huyu ni mtu aliyepasuliwa wiki mbili zilizopita, na amekaa kitini karibu siku nzima.

Baada ya upasuaji mkubwa, hatari ya damu kuganda hubaki juu kwa wiki kadhaa, hata bila safari yoyote. Kwa hiyo pangeni angalau usiku mmoja Dar, kwa ndugu au gesti. Alale, atembee, anywe, ale. Kama alipewa sindano au vidonge vya kuzuia damu kuganda, viendelee mpaka tarehe aliyoandikiwa, si mpaka siku ya kufika. Kwa kupanda ndege yenyewe, siku za chini kabisa baada ya upasuaji mkubwa wa tumbo au kifua kwa kawaida ni kama 10, kwa kuwa hewa iliyobaki ndani ya mwili hupanuka kwa karibu theluthi moja ndege ikiwa juu na inaweza kuvuta mishono. Aliyefungwa plasta ngumu ya POP asubiri saa 48, au plasta ipasuliwe pembeni. Aliyepasuliwa jicho na kuwekewa gesi ndani asipande ndege kabisa mpaka daktari wa macho aseme gesi imekwisha. Jicho linaweza kupofuka angani. Tiketi ya kurudi ikatwe baada ya daktari kusema, au iwe ya kubadilishika tarehe.

Msirudi bila karatasi. Ombeni muhtasari wa matibabu, majina ya dawa kwa jina la kitaalamu na si la kampuni, picha za vipimo kwenye diski, na namba ya simu ya wodi. Dawa ya jina la India huwezi kuikuta kwenye duka la dawa la Chanika, lakini dawa yenyewe huenda ipo kwa jina jingine.

Kisha, kwa wiki nne za kwanza nyumbani, angalieni miguu. Mguu mmoja ukivimba na mwingine haukuvimba, ndama wa mguu akiuma au akipata joto, usikandwe, usichuliwe, wala msitafute nani kamkanyagisha nini. Aende hospitali siku hiyo hiyo. Akipata kuhema kwa ghafla, kifua kuuma anapovuta pumzi, kukohoa damu au kuzimia, msisubiri asubuhi. Ukifika Magunga, au hospitali ya wilaya Handeni, au kwingine kokote, usianze na historia ndefu ya ugonjwa wa zamani. Mwambie mhudumu wa kwanza kukupokea: huyu kapasuliwa tarehe fulani, kasafiri kwa ndege na basi tarehe fulani, na mguu wake umevimba tangu jana.